Bordeaux yenye "Grand Cru Classé en 1855": hicho cheo kimetoka wapi, na ukishafungua chupa unaonja nini

Watu wengi wakishika chupa ya waini nyekundu ya Bordeaux, Ufaransa, yenye maneno Grand Cru Classé en 1855 wanachukulia kwamba kuna wataalamu wamekaa mahali, wameionja hiyo waini, wakaipa cheo. Hapana. Waini iliyomo ndani ya hiyo chupa hakuna mtu aliyeipa cheo chochote. Cheo kilitolewa mwaka 1855, kikapewa jina la shamba, na tangu hapo kila chupa kuu ya shamba hilo, yaani ya waini yake ya kwanza, inakirithi tu, mwaka uwe mzuri au mbaya, mwenye shamba awe makini au mzembe. Hili ndo nataka tulifumue taratibu kwasababu ukishalielewa utanunua kwa namna nyingine na utaonja kwa namna nyingine, na kwa bei za hizi chupa sio jambo dogo.

Nitashika shamba moja kama mfano, Château Lynch-Bages la pale Pauillac, kaskazini ya mji wa Bordeaux. Nalipenda kwa sababu linaonyesha wazi mgongano kati ya cheo kilichoandikwa na waini yenyewe.

Turudi 1855. Napoleon III ameandaa maonyesho makubwa ya kimataifa pale Paris na kila mkoa wa Ufaransa unataka kupeleka vitu vyake vizuri. Chemba ya biashara ya Bordeaux ikawaandikia madalali wa waini, wale wanaokaa katikati ya mkulima na mfanyabiashara, ikawaomba watoe orodha ya mashamba bora yakiwa kwenye madaraja. Madalali wakajibu tarehe 18 Aprili, chini ya wiki mbili tangu waombwe, na wasingeweza kufanya mashindano ya kuonja ndani ya muda huo hata wangetaka. Walichofanya ni kuangalia bei. Walikuwa na kumbukumbu za miaka na miaka za waini ya nani inauzwa shilingi ngapi, sasa ile iliyokuwa inauzwa juu kabisa ikawekwa daraja la kwanza, inayofuata la pili, mpaka la tano. Kwa akili ya dalali hilo lina mantiki kabisa, maana mnunuzi anayeweka hela yake mwenyewe mwaka baada ya mwaka sio rahisi kudanganyika muda wote.

Daraja la kwanza walikuwa wanne tu: Lafite, Latour, Margaux na Haut-Brion. Karibu orodha nzima ya waini nyekundu ilitoka Médoc, ule ukanda wa ardhi ulioko upande wa kushoto wa mlango wa mto Gironde, isipokuwa Haut-Brion ambayo ni ya eneo jingine la Bordeaux liitwalo Graves, lakini umaarufu wake ulikuwa mkubwa kiasi kwamba isingewezekana kuiacha nje. Baadaye mwaka huohuo Cantemerle ikaongezwa. Halafu kimya, zaidi ya miaka mia moja, mpaka 1973 ambapo Mouton Rothschild ilipandishwa kutoka la pili kwenda la kwanza baada ya mwenye shamba, Baron Philippe de Rothschild, kupigania jambo hilo kwa miaka mingi sana, na waziri wa kilimo aliyesaini alikuwa Jacques Chirac, yuleyule aliyekuja kuwa rais. Kwa upande wa waini nyekundu huo ndo mwisho wa mabadiliko ya maana. Leo ni mashamba 61, matano daraja la kwanza, kumi na manne la pili, kumi na manne la tatu, kumi la nne, na kumi na nane la tano.

Lynch-Bages liko humo mwishoni, la tano.

Sasa angalia bei yake sokoni leo utashangaa, inapita bei ya mashamba kadhaa yaliyoko daraja la pili, na imekuwa hivyo kwa muda mrefu. Jina Lynch limetokana na familia ya Kiayalandi kutoka Galway iliyohamia Bordeaux mwishoni mwa miaka ya 1600, lakini kufika 1855 shamba lilikuwa tayari kwenye mikono ya Mswisi anaitwa Jurine, na madalali wakaliweka pale bei yake ilipokuwa. Mwaka 1939 familia ya Cazes ikalinunua, na kuanzia miaka ya 1970 Jean-Michel Cazes, mtu aliyesomea uinjinia, akarudi nyumbani akawekeza kwenye shamba na kwenye mitambo mpaka waini yake ikawa inatajwa pamoja na majina makubwa ya Pauillac. Amefariki 2023. Kazi yote hiyo, jasho la vizazi, haijabadilisha hata herufi moja kwenye cheo. Bado ni la tano. Na kuna mashamba ya juu yake ambayo yalilala miaka mingi, yakatoa waini dhaifu, na hayo pia hayakushuka.

Kuna jambo jingine ambalo hata wapenzi wengi wa waini hawalijui. Cheo cha 1855 kimeshikamana na jina la shamba, hakijashikamana na udongo. Yaani mwenye Lynch-Bages akinunua kipande cha jirani ambacho hakina cheo chochote, ilimradi kiko ndani ya mipaka ya Pauillac, zabibu zake zinaweza kuingia kwenye chupa ya Lynch-Bages na zinakuwa na cheo, na jirani mwenye cheo akimuuzia mtu asiye na cheo basi ile ardhi inapoteza cheo siku hiyohiyo. Toka 1855 vipande vimeuzwa, vimebadilishwa, vimeunganishwa, kwahiyo ramani ya shamba ya leo na ya wakati ule mara nyingi hazifanani. Nenda Bourgogne, mkoa mwingine wa waini huko Ufaransa, mambo ni kinyume kabisa, kule kinachopewa cheo ni kipande cha ardhi chenyewe, akikilima nani ni juu yake. Ndo maana mtu aliyezoea Bourgogne akija Bordeaux anachanganyikiwa, na aliyezoea Bordeaux akienda kule anachanganyikiwa zaidi.

Na hata ndani ya Bordeaux hakuna mfumo mmoja. Saint-Émilion, ng'ambo ya kulia ya mto, walianzisha orodha yao mwaka 1955 na wao wanaipitia upya kila baada ya miaka kumi hivi, wanaonja kweli, wanapandisha na kushusha, matokeo yake kesi mahakamani haziishi, na mwaka 2021 Cheval Blanc na Ausone, wakubwa kabisa wa pale, wakatangaza kujitoa. Jirani zao wa Pomerol hawana orodha yoyote, na humo ndimo inakotoka Petrus ambayo bei yake inawazidi hata hao wa daraja la kwanza. Kwahiyo ukisoma lebo kuwa makini: Grand Vin de Bordeaux sio daraja, Saint-Émilion Grand Cru bila neno Classé ni jina la eneo na masharti yake tu, sio cheo cha shamba, na Cru Bourgeois ni mfumo wa pembeni wa Médoc kwa mashamba ambayo hayakuingia 1855. Maneno yanafanana sana na wauzaji wengine wanategemea usiyatofautishe.

Je orodha ya 1855 ni takataka basi? Mimi sisemi hivyo. Ile bei ya madalali ilikuwa inapima kitu cha kweli, na hicho kitu bado kipo pale chini ya miguu. Médoc ni tambarare, ukipita na gari huoni milima wala mabonde ya kupiga picha, ila kuna vilima vidogo vya changarawe vilivyoletwa na mito zama za kale, na katikati yake kulikuwa na vinamasi mpaka Waholanzi walipokuja miaka ya 1600 kuchimba mifereji na kukausha. Changarawe inapitisha maji ya mvua haraka, na mvua za Atlantiki ni nyingi, kwahiyo mzabibu haulowi, unalazimika kupeleka mizizi chini. Vilevile mawe yanashika joto la mchana. Mto ukiwa karibu unapunguza makali ya baridi, na wenyeji wana msemo kwamba mizabibu bora ni ile inayouona mto. Mashamba yenye majina makubwa, ukiyaweka kwenye ramani, yamekaa kwenye hivyo vilima vyenye changarawe nyingi. Pauillac peke yake ina matatu kati ya yale matano ya kwanza.

Hiyo changarawe ndo inaifaa Cabernet Sauvignon, ambayo ni zabibu ndogo, ngozi nene, mbegu kubwa ukilinganisha na nyama yake, na inachelewa kuiva, kwahiyo bila lile joto la ziada inabaki na harufu ya pilipili hoho mbichi na ladha kali isiyopendeza. Kwenye shamba la Lynch-Bages inachukua zaidi ya theluthi mbili ya mizabibu, kisha Merlot, afu kidogo Cabernet Franc na Petit Verdot. Wanavuna Septemba mpaka Oktoba, kila aina inachachushwa peke yake, miezi ya baridi ndo wanaonja kila tangi na kuamua kipi kiingie kwenye waini kuu na kipi kiende kwenye waini ya pili, baada ya hapo inalala kwenye mapipa ya mwaloni ya lita 225 zaidi ya mwaka mzima.

Sasa tuje kwenye glasi, hapa ndo penye utamu.

Kitu cha kwanza ambacho kinawashinda watu wengi kwenye Pauillac ni tanini. Unameza, ghafla ulimi unakauka, fizi zinakaza, mtu anasema hii waini mbaya inakwaruza. Ni ule ukakasi unaoupata ukila bibo la korosho, na unatokea kwa sababu ileile: tanini zinashikana na protini zilizoko kwenye mate, mate yanapoteza utelezi wake, na mdomo unahisi msuguano. Sio ladha, ni hisia ya mguso, kwahiyo usiitafute kwa ulimi tu, isikilize kwenye fizi na mashavuni. Na baada ya kuisikia usiishie kusema ipo au haipo, jiulize ikoje. Tanini zilizotoka kwenye zabibu ambazo hazikuiva zinakuwa kavu, chungu, zinabaki zimeng'ang'ania fizi kama dakika nzima na hazina tunda nyuma yake. Tanini zilizoiva ni nyingi pia, tena zinaweza kuwa nyingi zaidi, lakini zimesagika laini, zinafunika mdomo wote sawasawa halafu mate yanarudi yenyewe na unabaki na tunda. Hiyo tofauti ukiishika utakuwa umepita wanywaji wengi sana wenye hela kuliko wewe.

Mate yanarudi kwasababu ya uchachu, na huo ndo uti wa mgongo wa pili wa hii waini. Ukimeza, subiri, kama pembeni ya ulimi panatiririka maana yake uchachu upo na waini ina uhai. Kilevi kwa kawaida kinazunguka asilimia 13 kikipungua au kuzidi kidogo, ukihisi kinachoma koo basi ama mwaka ulikuwa wa joto sana ama umeinywa ikiwa ya moto.

Harufu nayo usiogope. Wageni wakisikia watu wanataja mambo kumi na tano kwenye glasi moja wanaona ni uongo, ila anza na machache ambayo kweli yapo kwenye Pauillac. Kuna tunda jeusi, wao wanaita cassis, na kwa sisi ambao hatuna kichaka chake ukikumbuka harufu ya Ribena umeshafika maana imetengenezwa na tunda hilohilo. Kuna mbao ya mwerezi, ile harufu inayotoka ukichonga penseli, ambayo huku kwetu tunaijua vizuri kwasababu hata mtarakwa wa milima ya Kenya na Tanzania ulivunwa miaka mingi kutengenezea penseli. Kuna tumbaku kavu, na kwenye chupa changa kuna vanila na moshi kidogo vya pipa jipya. Zungusha glasi taratibu, nusa, weka chini, baada ya dakika ishirini rudi unuse tena, itakuwa imesogea. Hakuna haraka.

Na muda ndo sababu kubwa ya hizi waini kuwa na heshima. Zile tanini zinazokaza mdomo zikiwa changa zinaendelea kuungana zenyewe kwa zenyewe na kuungana na rangi ndani ya chupa, mwaka hadi mwaka, nyingine zinakuwa nzito zinatua chini kama mashapo, na waini inalainika. Ndo maana chupa ya miaka ishirini ina uchafu mweusi chini na rangi yake imehama kutoka zambarau iliyokolea kwenda nyekundu ya matofali ukiangalia ukingo wa glasi juu ya karatasi nyeupe. Tunda linarudi nyuma, zinakuja harufu za ngozi, uyoga, majani makavu ya msituni. Lynch-Bages ya mwaka mzuri kuinywa kabla ya miaka kumi ni kuinywa mapema, kwa maoni yangu, japo siku hizi wanaitengeneza laini zaidi kuliko zamani na vijana wengi wanaifurahia mapema, siwalaumu.

Hapo namba ya mwaka kwenye lebo inakuwa na uzito kuliko cheo. Dodoma mizabibu haina msimu wa baridi wa kulala, mkulima anaweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Bordeaux ni mara moja tu, na hiyo mara moja inategemea kama barafu ya Aprili imechoma machipukizi kama ilivyotokea 1991 na 2017, kama mvua imenyesha wakati wa maua, kama Septemba imekuwa kavu. Miaka kama 1982, 2000, 2005, 2009, 2010 na 2016 inasifiwa sana, 2013 ilikuwa ngumu kwa karibu kila mtu. Daraja la tano la 2010 mimi nalichagua mbele ya daraja la pili la 2013 bila kufikiria mara mbili.

Jambo la joto nalisisitiza kwasababu linaharibu chupa nyingi huku Pwani. Vitabu vya Ulaya vinasema waini nyekundu inywewe kwa joto la chumba, ila chumba wanachokizungumzia ni cha nyumba za zamani za mawe, nyuzi 16 hadi 18 hivi. Chumba cha Dar au Mombasa ni 28, 30. Kwenye joto hilo kilevi kinapanda puani, tunda linalegea, unaambulia kuunguzwa tu. Iweke kwenye friji kama saa moja kabla ya kunywa, au kwenye ndoo ya maji na barafu dakika kumi hivi, wala usione aibu. Na kabla ya kununua angalia imewekwa wapi dukani, chupa iliyokaa miezi dirishani inapigwa na jua imeshakufa hata kama lebo inang'aa, ukiona kizibo kimesukumwa juu au waini imevuja pembeni achana nayo.

Chupa changa imimine kwenye dikanta au hata jagi safi la kioo uipe hewa saa moja au mbili. Chupa kuukuu isimamishe wima siku nzima ili mashapo yatue, imimine polepole kwenye mwanga, ukiona weusi unafika shingoni acha, na usiiache nje muda mrefu kwasababu harufu zake ni dhaifu, zinaondoka. Pauillac kwenyewe wanaila na nyama ya mwanakondoo. Kwetu mbuzi wa kuchoma mwenye mafuta kiasi na chumvi anafaa sana, protini na mafuta vinapunguza makali ya tanini. Pilipili kali weka mbali siku hiyo, inafanya ukakasi na kilevi viwake mdomoni.

Na kama unaweza, onja mara ya kwanza bila kuona lebo, mtu akufunikie chupa. Frédéric Brochet, mtafiti wa Bordeaux, aliwahi kuwapa watu waini moja ileile kwenye chupa mbili, moja ina lebo ya waini ya kawaida ya mezani na nyingine ya Grand Cru, na maelezo waliyotoa yakawa tofauti kabisa, yenye lebo kubwa ikasifiwa. Kwenye utafiti mwingine uliochapishwa 2001 yeye na wenzake walitia rangi nyekundu kwenye waini nyeupe na wanafunzi 54 wakaielezea kwa maneno ya waini nyekundu. Hao walikuwa wanasomea waini. Macho yanaonja kabla ya ulimi, kwahiyo sisi wengine tujilinde zaidi.

Kwa ambaye bei ya chupa kuu haiwezekani, tafuta waini ya pili ya shamba hilohilo. Ya Lynch-Bages inaitwa Echo de Lynch-Bages, mikono ileile na ardhi ileile, mara nyingi mizabibu michanga zaidi, bei chini kwa mbali, na inanyweka mapema. Au chukua Cru Bourgeois ya Haut-Médoc ya 2016, iache miaka michache mahali penye giza na ubaridi. Au tafuteni watu sita mchangishane chupa moja ya kweli, kila mtu anapata glasi yake, na hiyo glasi moja ukiifuatilia saa mbili nzima toka inafunguliwa inatosha kabisa kuijua.